Siku Nyanya Alipoisimamisha Orutu

Mume wangu alipofariki, orutu yake niliitundika kwenye msumari juu ya kabati la vyombo. Ni ala ndogo: gogo lililotobolewa na kufunikwa ngozi ya kenge, kijiti kirefu, uzi mmoja, na uta wa kuusugua ule uzi. Hapa Masara watu walikuwa wakimwita aipige kwenye arusi na kwenye matanga. Baada yake sikutaka kuisikia hata redioni. Ikianza tu, nilikuwa natoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia kuku.

Kisha akaja mwalimu wa muziki. Ni kijana wa Ntimaru, Mkuria, na Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo sisi huzungumza naye Kiswahili. Darasa la binti yangu, la sita, alikuwa amelifundisha filimbi za plastiki mpaka mtaa mzima tukajifunza do re mi kwa lazima. Sasa walikuwa wanajiandaa kwa tamasha la shule huko Homa Bay, na wimbo wao wa asili ulihitaji orutu.

"Mama, binti yako anasema anaweza kuipiga," aliniambia akiwa bado mlangoni.

"Nani alimfundisha?"

"Anasema ni baba yake."

Nilimtazama binti yangu. Yeye alikuwa anautazama msumari.

Sikuwa najua. Walipokuwa wakijifungia nyuma ya jiko wawili hao, nilidhani wanapiga kelele tu. Niliishusha, nikaifuta vumbi kwa leso, nikampa. Akaiegemeza kiunoni, akavuta uta mara moja. Sauti ilikuwa imekauka kidogo, lakini ilikuwa ile ile.

Nilimpa kwa sharti. Shule yao ikiitwa kati ya zinazoendelea mbele, orutu ni yake. Isipoitwa, inarudi msumarini. Sitasema uongo: nilitoa sharti hilo nikitumaini itarudi.

Mazoezi yakaanza. Nilikuwa napita shuleni jioni nikijifanya nina safari, nikisimama kando ya ua. Wavulana walimchokoza sana.

"Wewe, utapiga orutu na hizo mikono za kuosha sufuria?"

"Na wewe utaimba na hiyo pua?" akajibu, bila kuacha kupaka uta ulimbo.

Walipoimba wote pamoja, njuga zikilia miguuni na vumbi likipanda, moyo wangu ulikimbia mbele yao. Nilianza kuamka na ule wimbo mdomoni. Siku moja nilimkuta mama mkwe wangu anapepeta njugu kwa mdundo wa wimbo huo, nami nikaingia, tukapepeta pamoja mpaka njugu nyingine zikamwagika. Kufikia wiki ya safari nilikuwa sili vizuri. Sikuwa natumaini tena irudi. Nilitaka washinde.

Siku ya tamasha shule iliwachukua watoto na wazazi waliopenda. Mama mkwe alivaa nguo yake ya kanisani. Kabla ya kuingia ukumbini, mwalimu alitukusanya.

"Wazazi wangu, wimbo ukianza hakuna kusimama, hakuna kupaza sauti. Waamuzi watatukata alama."

Sote tuliitikia kwa vichwa, mama mkwe naye. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha samaki na nyanya. Mimi nilikuwa nimeinama namfunga binti yangu njuga, na haikunijia kumtafsiria.

Watoto wakapanda jukwaani. Binti yangu alikaa mbele kwenye kigoda, akaanza peke yake. Uzi ule mmoja ulijaza ukumbi. Watu wakaacha kunong'ona. Kisha wenzake wakaingia kwa sauti na njuga, na mabega yangu yakaanza kucheza yenyewe. Mwamuzi mmoja, mama mwenye miwani, alikuwa anagonga meza kwa kidole.

Sasa, kwetu orutu ikinoga, mtu ana haki ya kuisimamisha ajisifu. Tunaita pakruok. Mpigaji hungoja, mtu husema yake, muziki huendelea. Mama mkwe alikuwa amesikia orutu ya mwanawe kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nilimwona anainuka, nikamshika leso. Leso ikabaki mkononi mwangu.

"Simamisha," alisema kwa Kijaluo, mkono juu.

Binti yangu akasimamisha. Wenzake wakanyamaza midomo wazi. Mwalimu alishika kichwa.

"Mimi ndiye niliyemzaa baba wa huyo mtoto shambani asubuhi, na jioni nikapika," mama mkwe alisema. "Mwanangu alipiga orutu mpaka jogoo wakachelewa kulala. Mlidhani tumezika yote? Nitazameni. Nani kama mimi?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko na makofi. Mzee mmoja wa shule ya Mfangano akainuka naye ajisifu, mwalimu wao akamvuta koti. Binti yangu alingoja kimya, uta umelala juu ya uzi, kama baba yake. Nyanya alipoketi, akamjibu kwa mvuto mmoja mrefu, kisha akawarudisha wenzake palepale walipoachia. Hakuna hata mmoja aliyepotea.

Mama mwenye miwani ndiye aliyesoma maoni. "Wimbo ulisimama katikati, na sheria hairuhusu," alisema. "Mpiga orutu anajua kungoja. Hilo halifundishwi kwa haraka."

Shule yetu haikuitwa.

Kwenye basi watoto waliimba hata hivyo. Mama mkwe, ambaye nilimtafsiria ile sifa tu na hakuna aliyethubutu kumweleza mengine, aliniuliza, akiniita kwa nilikozaliwa, "Nyar Mfangano, mbona mwalimu wenu amenuna? Hakusikia alivyosifiwa mtoto?"

"Alisikia, Mama."

Binti yangu alikuwa mbele yetu, orutu mapajani. Aligeuka. "Mama, tukifika naitundika?"

Nikainua mkono, kama nilivyomwona mama mkwe akifanya.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Mimi pia sijajisifu. Piga, nikusimamishe."

Akapiga.

Msumari upo bado. Siku hizi natundika ungo.