Mlio Uliotangulia Nyumbani

Gari la mkaguzi wa mizani lilikuwa na tabia ya kulia kila linapokata kona. Si honi, si breki, ni usukani. Akiuzungusha tu kuingia mtaani kwao, chini ya boneti hutoka mlio mwembamba, mkali, kama wa mbuzi aliyekanyagwa mguu, na mbwa wa mtaa mzima hujibu.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kunyata. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani bila hodi, kuweka mawe yake ya shaba ya kupimia juu ya mizani na kumtazama mwenye duka jasho likimtoka. Kazini aliegesha mbali, akaenda kwa miguu. Nyumbani hakuona haja. Akifika alikuta kila mtu mahali pake: mkewe anakunja nguo, bintiye kainamia kitabu, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi cherehani aliyekuja kukaa siku mbili akasahau kuondoka, anatunga uzi kwenye sindano.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Halafu saa ya ukutani ndiyo inaongea. Mkaguzi aliamua zamani kwamba kimya kile ni heshima, akakizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Mpaka siku jirani alipomsimamisha getini.

"Jirani, nakuonea wivu. Nyumba yako ina raha! Vicheko kutwa nzima, mpaka mke wangu ananiuliza sisi tuna kasoro gani."

"Nyumba ipi?"

"Si hii yako! Jana nilidhani kuna mtu atazimia."

Mkaguzi aliingia ndani akawatazama. Nguo zinakunjwa. Kitabu kinasomwa. Chakula kilimpita kooni bila ladha. Miaka yote hii anawashika watu wanaopunja sukari, kumbe chini ya paa lake mwenyewe yeye ndiye anayepunjwa.

Kesho yake alipokata kona, mlio ulipotoka, aliliona pazia la sebule likitikisika. Akaelewa. Gari lilikuwa likimsemea kabla hajafika. Akajikuta anataka kitu kimoja tu: kukisikia kicheko hicho, hata mara moja, hata kwa kusimama nje ya mlango.

"Jumamosi natengeneza usukani," alitangaza.

Sindano ilisimama hewani.

"Usukani una nini?" mkewe aliuliza.

"Unalia."

"Mbona sisi tumeuzoea, baba," mkewe alisema.

"Shemeji, gari lisilolia ndilo la kuogopa," alisema fundi cherehani. "Linakugonga hata hujajua linatoka wapi."

"Labda lingesubiri likizo yangu iishe," binti naye akachomeka.

Hawakumweza. Jumamosi asubuhi alifungua boneti. Kikopo cha oili ya usukani kilikuwa karibu kikavu. Hapo akajua mlio ni wa pampu inayovuta hewa badala ya oili. Ila oili imekwenda wapi? Chini kote kulikuwa na utandu mwekundu wa oili uliochanganyika na vumbi, na kila mpira wa kupitishia oili ulionekana kuwa na hatia. Basi akafanya kama anavyofanya na mizani chafu: alisugua kila kitu kwa sabuni na matambara, akakausha, akatandika boksi chini, akajaza oili. Kisha akamwita mkewe akae kwenye usukani, na shemeji ashike tochi.

"Washa. Kulia! Kushoto! Zungusha, mama, mbona unaubembeleza kama mtoto mchanga?"

"Mkono unauma."

"Na wewe shemeji, mulika huku! Huko ni betri."

"Betri nayo inavutia, shemeji."

Aliinyakua tochi mwenyewe. Oili ilijikusanya taratibu kwenye mpira wa kurudishia oili, pale unapovishwa kwenye kikopo: tone moja jekundu likavimba, likateleza mpaka upande wa pili, likadondokea boksi. Alizima gari, akafungua klipu iliyoubana. Ncha ya mpira ilikuwa imekakamaa na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Alikwenda dukani akanunua mpira mpya, ule usioharibiwa na oili, na klipu mbili. Akaangalia klipu zisiwe zimepunguzwa unene, maana hakuweza kujizuia. Akauvisha, akakaza, akajaza tena, akauzungusha usukani mpaka mwisho huku na mpaka mwisho kule, tena na tena, hadi mapovu yakaisha kikoponi.

Gari likanyamaza. Nyuma yake watu watatu walilitazama kama wafiwa.

Jumatatu alikata kona bila hata mbwa kuinua sikio. Alizima injini mbali kidogo na geti, akanyata hadi dirishani.

Shemeji alikuwa katikati ya sebule, kavaa koti kuukuu la mkaguzi, tumbo mbele, kashika kipande cha sabuni kiganjani.

"Kh-hm! Nani ameogea sabuni hii? Jana ilikuwa nzito zaidi! Hakuna anayetoka hapa!"

Binti alikuwa chini, anapiga mkeka kwa kucheka. Lakini mkaguzi alimsikia mkewe. Kicheko kile alikijua. Ni cha msichana aliyemcheka alipokwenda kujitambulisha kwao, kofia imekaa upande. Alidhani kiliondoka na ujana wao. Kumbe kiliishi humu humu, kikimkimbia yeye kila jioni.

Akaenda mlangoni, akabaki na mkono kwenye kitasa. Akiingia, kitakufa. Asipoingia, ataishi nje ya dirisha lake mwenyewe.

Aliingia.

Kimya kilishuka kama mlango wa duka. Shemeji alifunga koti vifungo, kana kwamba hilo lingesaidia. Mkaguzi alimwendea, akaichukua sabuni, akaipima mkononi.

"Umekosea," alisema.

"Shemeji, mimi nilikuwa tu…"

"Mimi nakohoa mara mbili. Ya pili ndiyo ndefu. Na mkono mmoja unakuwa nyuma." Akauweka nyuma, akatoa tumbo. "Kh-hm. Kh-hhhm! Nani ameogea sabuni hii?"

Kisha mabega ya mkewe yakaanza kutikisika. Alijaribu kujificha ndani ya shuka alilokuwa akilikunja, akashindwa.

"Rudia," alisema akijifuta macho. "Rudia hiyo ya pili."

Akarudia.