Tulipomwekea Mwalimu Dakika Kumi

Nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya mwalo wetu wa kushushia samaki kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulisomeka. Nilikuwa muuza dagaa na sikuwahi kuongoza kitu zaidi ya kwaya. Vyama vingi vilikuwa vimerudi miaka michache nyuma, na hata kamati ndogo kama yetu, ya watu wa kupokea samaki ufukweni Mwanza, ilikaa kwa pande mbili. Sisi wa chama tawala tulikuwa saba, wapinzani watano.

Kiongozi wa wale watano alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, mtu mrefu ambaye suruali yake ilikuwa imenyooshwa pasi hata siku za matope. Kamati ilikuwa na desturi kwamba mjumbe akisimama kusema, hakatizwi mpaka akae mwenyewe. Tena wajumbe wengi waliishi ng'ambo, Kamanga. Kivuko cha jioni kikipiga honi walitoka mbio, akidi ikavunjika, kikao kikaisha. Mwalimu aliyajua hayo yote. Jambo asilolitaka likikaribia kura, alisimama, akakohoa kidogo, akaanza.

Nakiri nilimfurahia. Mwenyekiti wetu alitaka banda la wauza samaki lijengwe karibu na maji; Mwalimu alitaka lijengwe juu, kando ya barabara. Akaanzia kwenye migomba ya baba yake, akapitia meli aliyopanda akienda chuoni, akaeleza namna ya kumpika sangara asivunjike. Wanawake waliochungulia dirishani walicheka mpaka wakasahau dagaa wao waliokuwa wamewaanika. Honi ikalia. Hakuna kura.

Yakawa hayo hayo vikao vinne. Masika yakatukuta bado tunauza samaki huku tumejifunika nailoni. Siku moja nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, nikasema basi. Kikao kilichofuata nilipendekeza kila msemaji apewe dakika kumi. Nililileta jambo hilo mwanzoni kabisa, Mwalimu akiwa bado njiani, na wenzake wanne hawakuwa wasemaji. Tukapiga kura, tukashinda.

Alipofika akaelezwa. "Nani ameleta pendekezo?" akauliza.

"Mimi, Mwalimu."

Alinitazama, akatikisa kichwa polepole, akakaa. Zamu yake ilipofika alisimama kupinga banda. Alikuwa ndiyo kwanza anapanda meli ya kwenda chuoni mwenyekiti alipogonga meza. Saba kwa watano, banda likapita.

Lilijengwa haraka, na wapinzani wakaacha kuja vikaoni. Tulipitisha mambo kabla chai haijapoa. Wiki za kwanza nilitembea kifua mbele. Kisha nikaona kwamba kitabu changu cha kumbukumbu hakina lolote la kusoma.

Upepo ukageuka. Magugu maji yakasukumwa yote kwenye kona yetu, yakajibana mbele ya banda kama zulia la kijani. Mitumbwi ikashindwa kupita, ikashusha samaki mbali, na chini ya bati letu jipya wakabaki ndege tu, yangeyange. Wanunuzi walipita wakicheka. Mwishowe na sisi tukacheka.

Nilifunga dagaa kwenye kanga, nikaenda kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Katibu. Karibu ndani."

Nikamweleza habari za magugu. Hakushangaa. "Kona ile upepo hutupa kila kitu," alisema. "Siku ile nilikuwa nimebakiza kusema hilo tu."

"Kwa nini hukuanza nalo, Mwalimu?"

Nikadhani nimemkosea heshima. Kisha akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Nilizoea kuwa na jioni nzima," akasema.

"Na mimi sikupaswa kukuvizia ukiwa njiani."

Tulipanga pale pale, huku mkewe akitukaangia wale dagaa: dakika kumi zibaki, ila anayepinga aanze, na sababu yake kubwa aitoe kwanza. Mwenyekiti alinung'unika, lakini alikubali.

Jumamosi moja tulilihamisha banda juu, kando ya barabara, kama Mwalimu alivyotaka tangu mwanzo. Watu wa vyama vyote viwili walibeba nguzo na mabati kupanda mlima, wakiimba nyimbo za Kisukuma za kulimia. Mwalimu aliitikia kwa sauti kubwa akikosea karibu kila neno, na wanawake wakawa wanamrudishia makosa yake kama kiitikio. Nilicheka mpaka nikatua nguzo yangu chini.

Kikao kilichofuata wajumbe wote kumi na wawili walikuja. Mwenyekiti alitaka tujenge uzio. Mwalimu akasimama: wanawake wanashinda hapa tangu alfajiri bila choo, choo kitangulie. Akakaa. Sidhani kama zilifika dakika mbili.

Nilinyoosha mkono pamoja na wale watano. Mwenyekiti alinikodolea macho. Mvuvi mmoja wa chama chetu, mwenye mabinti wanne, naye akanyoosha wake. Nikahesabu saba, nikaandika kwa herufi kubwa: choo kitangulie.