Safari ya Uholanzi na Bakuli la Bi Rukia

Swali lililoninyima usingizi kabla ya kuanza kazi lilikuwa hili: mtu atawauziaje watu mji ambao yeye mwenyewe hajawahi kuutia machoni? Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia. Nilijua mito ya Ulaya inaanzia wapi na inamwagikia wapi, lakini nilikuwa sijavuka hata mpaka wa Imarati. Na kazi niliyoipata, katikati ya miaka ya tisini, ilikuwa kwenye ofisi ya usafiri pale Ruwi, mtaa wa biashara wa Maskati, Oman, iliyopeleka familia za mji huo Ulaya kila joto lilipozidi.

Siku hizi mkaazi wa mtaa wa Qurum hujikatia tiketi kwa simu, miguu ikiwa juu ya kochi, na mji anaokwenda amekwisha kuutazama wote kwenye kioo kabla hajafunga sanduku. Ndiyo maana vijana wanaoingia kazi yetu hudhani sisi tulikuwa makarani tu wa kugonga mihuri. Nawaandikia wao.

Siku ya kwanza nilipelekwa mbele ya Mudir. Ndivyo sote tulivyomwita meneja, Mwomani aliyezaliwa Unguja kama wazazi wangu. Aliishika shahada yangu, akaigeuza, akaiweka mezani.

"Jiografia. Haya, nambie, Amsterdam kuna nini?"

Nilifikiri kwa muda mrefu kupita kiasi. "Sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari, Mudir."

Ofisi nzima ilicheka, na Mudir akasema: "Bibi wee, nani atatoa fedha zake akaone kuwa yuko chini ya bahari? Nenda kaunta kwanza."

Kaunta ilikuwa ndiyo shule yetu. Mkuu wa Kaunta alikuwa Mgoa aliyekulia Dar es Salaam, mwenye Kiswahili cha Kariakoo na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Tiketi za wakati ule ziliandikwa kwa mkono, kurasa zake zimepakwa kaboni nyekundu nyuma, kiasi kwamba ulichokiandika juu kilijichapa mpaka chini. Herufi moja ya jina ikikosewa, tiketi yote ilikufa. "Dada," aliniambia, "hapa hakuna kufuta. Futa maneno kichwani kabla kalamu haijagusa karatasi." Kwa mtu kama mimi, niliyekuwa nikisoma jina la abiria hadi linapoteza maana, ushauri ule ulikuwa adhabu. Lakini sikuharibu tiketi nyingi.

Kutoka kaunta nilihamishiwa meza ya viza, na kutoka huko meza ya programu. Programu ni mpango wa safari nzima: asubuhi wageni watakuwa wapi, watakula wapi, basi litawachukua saa ngapi. Yangu ya kwanza ilikuwa ya miji ya Uholanzi, na niliipanga kama siku ya Maskati. Asubuhi matembezi, baada ya Adhuhuri watu wapumzike hotelini, Alasiri watoke madukani, chakula cha jioni baada ya Maghribi. Mkuu wa Kaunta aliisoma, akavaa miwani yake, akaisoma tena.

"Dada, Maghribi ya huko mwezi wa Juni inakaribia saa nne za usiku. Hawa wageni wako watakula au watazikwa? Na huo wakati wanaoamka usingizini, maduka yanafunga."

Niliijua hiyo kwa mujibu wa jiografia. Niliwahi hata kuijibu kwenye mtihani. Lakini ilikuwa haijawahi kunipitia akilini kwamba jua linaweza kukataa kuzama watu wanapotaka kula.

Baada ya misimu kadhaa, Mudir alinipa cheo cha kiongozi wa msafara. Kiongozi wa msafara si mtembezaji. Mtembezaji ni mwenyeji wa mji, anayejua kila jiwe. Kiongozi hutoka na wageni Maskati na kurudi nao Maskati. Ndiye mama yao, mkalimani wao na mtu wa kulaumiwa. Mudir alinipa masharti yake akiwa amesimama: "Hesabu vichwa kila mnapopanda basi. Programu haibadilishwi. Msafara hauachwi. Na kiongozi hasemi 'sijui.' Safari hii ndiyo mtihani wako. Ukipita, misafara ni yako."

Nyumbani, baba hakupenda. Msichana peke yake Ulaya, hata kama anakwenda na familia za watu! Aliyeniokoa ni Bi Rukia, mjane wa Qurum aliyekuwa amejiandikisha kwenye msafara uleule. Alikuja kwetu, akanywa kahawa, akamwambia baba: "Mtoto wako n'takuwa naye mie. Nna shughuli yangu Uholanzi, na yeye ana yake." Baba akakubali. Hakuna aliyemuuliza shughuli yenyewe ni ipi.

Amsterdam ilinipokea vizuri kuliko nilivyoogopa. Tulipita kwa mashua kwenye mifereji, kati ya nyumba nyembamba zilizoinamiana. Mzee Khalfan, aliyekuwa mkuu wa idara serikalini na sasa mchekeshaji wetu, alizitazama akasema: "Zimeegemeana kama wazee wanaosinzia kwenye hitima." Mtembezaji alituonyesha kulabu iliyochomoza juu ya kila nyumba, ya kuvutia makabati kwa kamba na kuyaingiza dirishani, kwa sababu ngazi za ndani ni nyembamba mno. Mzee Khalfan akamgeukia mkewe: "Umesikia? Ungekaa huku, wewe ungepitia dirishani."

"Na wewe ungebaki nje," mkewe akamjibu.

Kilichowashangaza zaidi ni madirisha. Watu wa kule huacha mapazia wazi, na mpita njia anaona meza, taa, maua, mtu anakula supu. Wageni wangu waliinamisha macho kwa haya, kisha wakaangalia kwa kuibia. "Hawa hawana haya au hawana la kuficha?" aliuliza mke wa Mzee Khalfan. Mtembezaji akaeleza kwamba ni desturi ya zamani, nyumba kujionyesha kuwa ni safi na haina siri. Bi Rukia hakuangalia maua wala supu. Alikuwa akiangalia kabati za vyombo.

Siku ya nne tulikuwa tumehamia hoteli ya Den Haag, na programu ilituweka Delft, mji wa vyombo vya buluu na vyeupe. Hapo ndipo nilipopata aibu yangu ya kwanza. Kwetu, tangu soko la Darajani, Unguja, hadi la Mutrah, Maskati, chombo cha udongo hakinunuliwi kwa macho. Hushikwa kwa ncha za vidole, kikagongwa kwa pete, kikasikilizwa. Kizima hulia, chenye ufa sauti yake hukwama. Basi akina mama wote wa msafara waliingia duka la kiwanda, wakanyanyua sahani za bei ya kutisha, wakaanza kuzigonga. Duka likawa kama ngoma ya harusi. Muuzaji alikuja mbio, mikono mbele, uso umemwiva. Nilimweleza kwamba ile ndiyo heshima yetu kwa chombo. Alinisikiliza, akanyanyua sahani moja, akaigonga kwa pete yake ya ndoa na kutega sikio. Kisha akacheka, nami nikapumua.

Bi Rukia peke yake alikuwa hagongi. Alikuwa akipindua mabakuli, moja baada ya jingine, na kutazama chini yake. Aliporudisha la mwisho alisema: "Mazuri. Lakini siyo haya." Akatoka nje akakaa ukingoni mwa mfereji.

Nilimfuata. "Bi Rukia, ile shughuli yako ni ipi?"

Alikunja ukingo wa shela yake kwanza. "Mama yangu alikuwa na bakuli. La maua mekundu na jani la kijani, ya kuchapwa. Chini limeandikwa jina la mji, na marehemu baba alinisomea nikiwa mdogo: Maastricht, Uholanzi. Kila Ramadhani likenda kwa jirani na futari, likarudi na futari. Bakuli halirudi tupu, unajua. Siku tuliyoondoka Unguja lilikuwa kwa jirani. Ilikuwa zamu yake."

"Halikurudi tena?"

"Lirudi wapi, mwanangu? Kwa nani?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema tulipokuwa bado Maskati, tukauweka mji huo kwenye programu.

"Ningesemaje? Bibi mzima nakwenda Ulaya kutafuta bakuli! Mwanangu wa kiume angenitia garini akaninunulia seti nzima, na kijiko juu yake. Nilidhani Uholanzi ni ndogo, n'takutana nao tu huo mji."

Maastricht uko kusini kabisa, mwisho wa ramani, mwendo wa saa kadhaa kwa treni. Kesho yake tulikuwa tuzuru bandari ya Rotterdam, na kesho kutwa tulikuwa tunarudi nyumbani. Hotelini nilimpigia Mudir.

"Bakuli?" alisema.

"Bakuli, Mudir."

"Wewe nimekupa watu ishirini, unanambia habari ya bakuli la mtu mmoja! Programu haibadilishwi. Na msafara hauachwi. Khalas."

Nilikaa kwenye kiti cha mapokezi nikiwa bado nimeishika simu. Nilifikiria mtu akipotea Rotterdam nikiwa sipo, na Bi Rukia akianguka kwenye ngazi za treni. Nikafikiria pia kwamba huenda tungefika tusikute kitu, nikawa nimeitupa kazi kwa safari ya bure. Halafu nikamfikiria baba, aliyenikabidhi kwa mama huyu. Kila hofu niliyoimaliza ilizaa nyingine. Nikaona kwamba nikingoja ziishe nitakuwa bado kwenye kiti kile ndege itakapoondoka. Nikaacha kuuliza kama naogopa na nikaanza kuuliza nini kinatakiwa kifanywe.

Kwanza nilizungumza na mtembezaji wa Rotterdam, ambaye alikuwa mtu mzima na mwangalifu, akakubali kukaa na msafara hadi watakaporudishwa hotelini. Kisha, wakati wa chakula, nilisimama nikawaeleza wageni jambo lote, nikawaomba ruhusa, nikasema kwamba akikataa mmoja sitakwenda. Bi Rukia alijifunika uso kwa shela.

"Mie nimezaliwa bandarini," alisema Mzee Khalfan, "bandari haiwezi kunipoteza. Nenda, mwanangu. Vichwa n'tahesabu mie."

"Huyu!" mkewe akasema. "Atahesabu wote, ajisahau mwenyewe."

Hakuna aliyekataa. Asubuhi, kabla ya kutoka, nilimpigia Mudir tena. Simu hii ya pili ndiyo ninayotaka vijana waisikie, kwa sababu kuondoka kimyakimya kungekuwa rahisi zaidi.

"Mudir, sikupigii kuomba. Nakuarifu. Msafara uko na mtembezaji, wageni wameridhia, na mimi nampeleka Bi Rukia Maastricht. Tutarudi kabla ya Maghribi."

Nilisikia feni ya ofisi yake. "Ukirudi," alisema, "kaunta inakungoja."

"Inshallah, Mudir."

Nawaambia sasa, ili lisiwakae moyoni: alitimiza. Nilirudishwa kaunta misimu miwili, nikaandika tiketi kando ya Mkuu wa Kaunta, ambaye hakunidhihaki hata siku moja. Kisha misafara ilipozidi na viongozi wakawa hawatoshi, Mudir aliniita akanipa tena, bila kulitaja lile. Niliongoza watu miaka mingi, nikawa mwenyewe mkuu wa meza ya programu mpaka tiketi za kaboni zikatoweka na mpaka nilipostaafu. Nilibadilisha jambo moja tu katika kazi ile. Kabla ya kupanga chochote, nilimwita kila msafiri peke yake, nikamuuliza: "Una shughuli gani huko?" Wengi walisema hawana, kutembea tu. Lakini wapo waliotazama mlango kwanza, kisha wakavuta kiti karibu. Na waliponiuliza nisilolijua, nilisema sijui, kisha nikaenda kulitafuta.

Ndani ya treni nilihesabu vichwa kwa mazoea: viwili. Bi Rukia alikaa dirishani, mkoba juu ya magoti, akitazama ng'ombe na mifereji iliyonyooka, na mara mojamoja alinigusa mkono kuhakikisha kuwa nipo. Kule Maastricht wenyeji walituambia kwamba mabakuli yale hayajafinyangwa pale kwa miaka mingi. Sikumtazama usoni. Nilimshika mkono, tukavuka daraja la mto Maas, mto uleule unaoishia pande za Rotterdam walikokuwa wenzetu, na nikaanza kuuliza mlango kwa mlango. Wa tatu ulikuwa duka la vitu vya zamani. Mwenye duka, bibi wa rika la Bi Rukia, alinisikiliza, akaingia nyuma, akatoka na mabakuli matatu yenye vumbi.

Maua yake hayakuwa mekundu. Yalikuwa ya buluu.

Bi Rukia hakuyajali maua. Alichukua bakuli la juu, akalipindua, akapitisha kidole kwenye herufi za Maastricht chini yake. Akalibeba kwa ncha za vidole, akafumba macho, akaligonga kwa pete. Lililia sauti nyembamba, ndefu, ikajaa duka lote. Bi Rukia aligonga tena, akangoja mpaka sauti ikaisha kabisa.

"Ndilo," alisema. Kisha akafumbua macho, akanipa bakuli kwa mikono miwili.

"Mwambie alifunge vizuri. Ramadhani hii linakuja kwenu, na mama yako asilirudishe tupu."