Muziki Usiochezwa

Juzi mjukuu wangu alifungua televisheni, Wazungu wakapiga fidla kando ya ziwa, nami nikanusa tena dawa ya viatu vya askari.

Nilikuwa mtoto, Baba yuko vitani Bama, huko Asia, akiwapigania Waingereza. Mama alinipeleka ufukweni Likoni, ambako bendi ya jeshi ilipiga muziki wa polepole, watu wamesimama kama nguzo. Kwetu Wagiriama, matanga huchezewa ngoma.

"Mama, mbona hawachezi?"

"Nyamaza we, sikiliza majina."

Nikaona pasipo ngoma hapana msiba. Hao wanaosomwa ndio wanaorudi. Jina la Baba liliposomwa, nikapiga kigelegele. Mama akakaa chini mchangani.

Siku hizi watoto na wajukuu wananitania eti sitoki nyumbani. Nilishatoka siku moja, wanangu, nikashangilia kifo cha babangu.