Divai ya Wakulima wa Mbali

Mpaka nilipofikisha miaka ishirini na mitatu, divai nilikuwa nimeiona mahali pamoja tu: ndani ya kikombe, mikononi mwa padri, juu ya altare. Sisi waumini hatukuionja. Tulipokea hostia tukarudi kwenye mabenchi. Nyumbani kwetu, kilimani upande wa Muleba, kinywaji kilikuwa olubisi, pombe yetu ya ndizi, na fundi wake alikuwa baba yangu, ambaye sote tulimwita Tata. Watu walitoka vijiji vingine kuja kumwomba awatengenezee olubisi wa harusi. Aliweza kuonja olubisi wa mtu mwingine akasema kwamba ndizi zilitolewa kwenye shimo la kuivishia siku moja kabla ya wakati, na mwenye olubisi akainamisha kichwa bila kubisha.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ile ya mwanzo baada ya Azimio. Siku moja mwalimu mkuu alinituma Bukoba kuchukua chaki na madaftari. Nilimaliza shughuli mapema, na basi la kurudi lilikuwa la alasiri, kwa hiyo nikaenda mtaa wa maduka kumnunulia mama uzi. Niliingia kwa Mhindi mmoja mzee aliyekuwa anamaliza mali yake, maana alikuwa karibu kuhama kuwafuata watoto wake ng'ambo. Rafu zilikuwa nusu tupu. Chini kabisa, nyuma ya makopo ya rangi ya viatu, niliona chupa zimelazwa kama watoto waliolala.

"Mzee, mbona hizi umezilaza?"

"Divai hulazwa, mwalimu. Kizibo kikikauka, imeharibika."

"Divai ya kanisani?"

Alicheka. "Ya Ufaransa. Wazungu wa kahawa walikuwa wananiagiza. Wameondoka, nayo imebaki hapa."

Akaniletea mbili juu ya meza. Moja ilikuwa na picha ya jumba la kifahari na maandishi ya dhahabu. Nyingine ilikuwa na karatasi nyeupe tu, haina hata ua. "Hii ya jumba ni ghali," alisema, "lakini mteja wangu aliyeijua divai kuliko wote alikuwa akiicheka. Alisema mnunuzi analipia picha. Yeye kila safari alichukua hii nyeupe."

"Na wewe unapenda ipi?"

"Mimi? Dini yangu hainiruhusu. Sijawahi hata kulamba. Nimeziuza kwa kusikiliza tu."

Ile ya karatasi nyeupe bei yake ilikuwa kama ya bia mbili. Nikaiinua kusoma. Kifaransa sikukijua, lakini neno moja lilinisimamisha, kwa sababu lilifanana sana na neno la Kiingereza tulilofundishwa chuoni kwa maana ya ushirika, kama ule wa kahawa ambao Tata alikuwa mwanachama wake. Nikalisoma tena na tena. Nikalipa, nikaizungushia kanga, na njia nzima hadi Muleba niliipakata huku basi likiturusha juu ya mawe.

Tata alikuwa uani anakwangua bwato, ule mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi kwa miguu. Nilipiga magoti nikamsalimu, kisha nikafungua kanga. Aliposikia kwamba ni divai, alirudisha mikono nyuma.

"Umeitoa wapi? Hiyo ni ya altare!"

"Nimeinunua dukani, Tata."

"Damu ya Bwana inauzwa dukani?"

Mama alikuja, akaangalia, akajifanyia ishara ya msalaba. Nilieleza nilivyoweza, lakini Tata hakuridhika. Zaidi ya hayo hatukuwa na chombo cha kutolea kile kizibo, na alinikataza kutia kisu. Ikakubaliwa kwamba Jumapili, baada ya misa, tuipeleke kwa padri atuamulie.

Padri wetu alikuwa Mfaransa, mzee aliyeishi kwetu muda mrefu kiasi kwamba Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Tulimkuta barazani kwake anakunywa chai. Tata aliiweka chupa mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kilichookotwa.

"Padri, binti yangu ameleta hii. Tuambie kama tumekosa."

Padri alivaa miwani, akasoma, kisha akasoma tena.

"Hamjakosa," alisema. "Divai haiwi ya altare mpaka iwekwe wakfu. Hii ni ya mezani. Kwetu kusini mwa Ufaransa wakulima wanakunywa hii na mkate, kama ninyi mnavyokunywa olubisi." Akaweka kidole kwenye neno lilelile lililonisimamisha dukani. "Na hapa wameandika kwamba wameitengeneza wenyewe, katika chama chao cha ushirika."

Tata aligeuka kunitazama, akamgeukia tena padri. "Wazungu wana ushirika?"

"Wanao. Kila mtu ana kashamba kake ka mizabibu. Wanapeleka zabibu mahali pamoja, zinapimwa, wanangoja malipo."

"Na malipo yanachelewa?"

"Yanachelewa sana."

Tata alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya padri.

Padri alileta kizibuo na bilauri tatu. Kizibo kilitoka kwa mlio mdogo. Divai ilikuwa nyekundu, karibu nyeusi. Mimi nilipoonja, ulimi ulikauka kama nimetafuna ndizi mbichi, nikaona haya kwa kuwasumbua watu. Tata hakunywa upesi. Alinusa kwanza, akainua bilauri kwenye mwanga. Kisha akanywa kidogo, akafumba macho.

"Imekaa ndani ya mti," alisema hatimaye. "Mti mgumu, mzee, siyo wa jana. Na mwaka huo hawakupata mvua ya kutosha. Tunda lilikuwa dogo, ganda nene."

Padri aliweka bilauri yake chini. "Nani amekuambia?"

"Imeniambia yenyewe."

"Kwetu tuna mapipa ya mwaloni, makubwa kuliko jiko langu," padri alisema polepole. "Yaliachwa na mababu. Na ardhi ni kavu kweli, mawe matupu." Akamtazama Tata kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama mtu yeyote wa parokia. "Nilipokuwa mtoto, tulizikanyaga zabibu kwa miguu."

"Mlikanyaga?" Tata aliinua mguu wake mmoja, wenye nyufa na rangi ya utomvu wa migomba. "Kwa hii?"

"Kwa hii."

Wakacheka wote wawili mpaka mpishi akachungulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesoma hadi chuo cha ualimu, nimechora ramani ya Ulaya ubaoni mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba baba yangu, asiyejua kusoma, angeweza kuketi barazani akaiona nchi ya mbali kwa ulimi wake, mvua zake na miti yake.

Mwezi uliofuata nilirudi Bukoba, safari hii na Tata. Yule mzee wa duka alikuwa anafunga masanduku. Chupa nyeupe zilibaki nne, tukazinunua zote. Tata alimweleza, mimi nikitafsiri, mambo yote aliyoyakuta ndani ya divai ile: mti, ukame, ganda nene. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kamba mkononi.

"Kumbe ndivyo ilivyo," alisema. "Kumbe ndiyo hiyo niliyokuwa nauza." Akatuongezea chupa ya jumba la dhahabu, bure.

Hiyo Tata aliionja mara moja tu, akampa mama aitie kwenye nyama.

Zile nne alizipeleka kwenye mkutano wa chama chetu cha kahawa. Wazee walipanga mstari, kila mmoja akapata kijiko kimoja, na hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alimeza, akarudisha kijiko.

"Hawa wenzetu," akauliza, "kahawa wanayo?"

"Hawana hata mbuni mmoja," Tata alijibu.

Yule mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akampisha aliyekuwa nyuma yake.