Makochi ya Wodi ya Wanaume

Wauguzi wa wodi ya wanaume walimwita Kamanda, naye alijua. Hakuwahi kukasirika, maana jina lenyewe lilimrahisishia kazi: likitajwa tu kwenye korido, watu walikaa sawa. Alikuwa msimamizi wa wodi kwa miaka mingi, na hakuna alichokichukia kama kuandika ripoti ya mwezi.

Kwa hiyo hospitali ilipowaita wasimamizi wa wauguzi kwenye mafunzo ya akili bandia, wenzake walinung'unika, yeye akawahi kiti cha mbele. Mwalimu, binti mpole aliyeongea kama anayembembeleza mtu akubali sindano, aliwaonyesha jinsi programu inavyopewa maelezo machache ikaandika kurasa nzima.

"Lakini mama zangu," akasema, "hii huandika vizuri hata isichokijua. Someni kabla ya kusaini."

Kamanda alitikisa kichwa kukubali. Wakati huo alikuwa anatafuta pa kubonyeza.

Mwisho wa mwezi aliipa programu maelezo yake, ikamtolea ripoti iliyonyooka kama shuka lililopigwa pasi. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaupenda, akasaini wa mwisho. Alifika nyumbani mapema mno, hata mumewe, fundi cherehani, akamuuliza kama amefukuzwa kazi.

Siku chache baadaye mkurugenzi wa hospitali akatokea wodini na wageni wawili kutoka makao makuu, uso umechanua.

"Tumekuja kuona chumba cha mapumziko cha wauguzi," alisema. "Kile chenye makochi, kilichomo kwenye ripoti yako."

Wodi haikuwa na chumba cha mapumziko. Wauguzi walikunywa chai stoo, wamesimama, kati ya ndoo na magongo.

Muuguzi mmoja alifungua mdomo atunge kitu, labda kwamba chumba kinapakwa rangi. Kamanda akamkata jicho. Miaka yote hiyo alikuwa akiwafokea vijana kwa kusainia dawa wasizozitoa. Sasa yeye amesainia makochi.

"Hakipo," alisema. "Programu ndiyo iliyokiandika. Mimi nimesaini bila kusoma."

Mkurugenzi akatazama dari. Mgeni mmoja akauliza kama na wagonjwa waliotajwa kwenye ripoti wapo. Kamanda akamwonyesha vitanda. Wagonjwa wawili watatu wakapunga mikono.

Alipewa onyo, na juu ya hilo akatakiwa asimame kwenye mafunzo yaliyofuata aeleze kilichompata. Alieleza bila kupunguza neno. Ukumbi ulicheka mpaka mwalimu akaomba utulivu. Kisha msimamizi wa wodi ya wazazi akasema kwa sauti ya chini kwamba anatoka kidogo, kuna ripoti anataka kuiangalia. Wengine wakamfuata.

Kamanda hakuiacha programu. Ila sasa, kabla ya kusaini, humsomea mumewe ripoti nzima kwa sauti, naye husikiliza huku anashona.

"Vitanda vimejaa kweli?" mume aliuliza jioni moja.

"Vimejaa. Nimeviona."

"Na hapo inaposema wauguzi wote wana furaha, mama watoto, uliwauliza?"

Kamanda akaisoma tena ile sentensi. "Sijawauliza."

Kesho yake akawauliza. Kisha akaifuta ile sentensi.