Kibuyu Kilichonipita

Mimi ni mtu wa mibuni. Kwetu Bukoba kahawa hatuinywi tu, tunaitafuna. Buni huchumwa zikiwa changa, zikachemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa, na mgeni akiingia hupewa chache kiganjani kabla hata hajaulizwa habari za atokako. Nilikuwa katekista miaka mingi, na sikumbuki nyumba iliyonikaribisha bila buni. Ndiyo maana wanaonijua hucheka wakisikia kwamba uzeeni, tena hapa Birmingham, nimepata kinywaji kingine cha kukipenda.

Kinaitwa mate. Jina ni hilo hilo, nami sikulichagua. Binti yangu, nesi ninayeishi naye Sparkhill, aliponitajia mara ya kwanza niliweka kikombe changu chini.

"Tata," alisema, maana ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita baba, "Jumamosi tunakwenda Sutton Coldfield kumwona mama wa mchumba wangu. Amekuja kutoka Urugwai. Atatukaribisha mate."

"Atatutemea?"

"Tata! Cheka hapa hapa umalize. Huko usinitie aibu."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mchumba wake alifiwa na baba zamani, akalelewa na mama peke yake, na alikuwa amemwambia wazi kwamba hawatapeleka majina yao kanisani mpaka mama atoe baraka. Binti yangu hakulala vizuri wiki ile.

Ndani ya treni nilimwomba anifundishe namna ya kushukuru kwa Kihispania. "Grasias," akasema. Nikalirudia kituo hadi kituo, kwa kuwa watoto wa komunyo ya kwanza niliwafundisha hilo kabla ya sala yoyote: ukipewa, shukuru.

Mama yule alitupokea mlangoni akiwa na chupa ya chai kwapani, kama mtu anayempelekea mkwe kuku. Alikuwa mfupi, nywele nyeupe, macho ya kupima. Mwanawe alitusalimu akarudi jikoni kwenye nyama yake, tukabaki watatu sebuleni bila lugha ya kutuunganisha. Mezani kulikuwa na kibuyu kidogo na mrija wa chuma. Moyo wangu ulichangamka, kwani wazee wetu walikunywa lubisi, pombe ya ndizi, kwa kibuyu na mrija vivyo hivyo.

Alijaza majani makavu ya kijani hadi zaidi ya nusu ya kibuyu, akamimina kutoka ile chupa maji ya moto yasiyochemka upande mmoja tu, akanywa wa kwanza yeye mwenyewe. Hata hilo nililielewa. Kwetu pia mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Kisha akajaza tena maji, akanipa.

Uchungu wa kahawa ni uchungu wa moto. Ule ulikuwa uchungu wa majani mabichi, kama nyasi zilizofyekwa baada ya mvua, na nyuma yake moshi kidogo. Ulikausha ulimi. Funda la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza, na la tatu nililitafuta mwenyewe. Nilipomaliza nilirudisha kibuyu kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti, "Grasias!"

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Akampa binti yangu, naye kwa kuwa amelelewa, akafanya kama baba yake: mikono miwili na grasias. Mama akajaza, akanywa. Akajaza tena. Nikajiweka sawa kwenye kiti, mkono tayari. Akanywa yeye. Kibuyu kikawa kinatoka mezani kwenda kinywani mwake na kurudi, sisi tukikitazama.

"Tata, tumekosea nini?" binti yangu alininong'oneza.

"Tulia, mwanangu."

"Hajanipenda. Ona, anakunywa peke yake kama hatupo."

Mfukoni nilikuwa na buni nilizomletea. Mkono wangu ulizigusa ukaziacha humo. Buni ni mkataba wa urafiki, na mtu aliyekufungia mlango humpi, utakuwa unamlazimisha. Nikaomba kimoyomoyo, si kwa ajili yangu.

Mchumba akaja akifuta mikono kwa taulo. Aliona, akamuuliza mama yake neno. Mama akajibu kwa ufupi, sauti ya chini, akiangalia viatu vyangu.

"Mzee," akaniuliza kwa Kiingereza, "ulisema grasias?"

"Nilisema. Kwa sauti."

"Na wewe?"

"Na mimi," binti yangu akajibu.

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Kumbe kwao kibuyu hukurudia raundi baada ya raundi mpaka utakaposhukuru. Shukrani ndiyo kusema nimetosheka, usinipe tena. Anayetaka zaidi hurudisha kimya.

"Mama anasema," akatafsiri, "kama mkwe ametosheka kwa kibuyu kimoja, basi labda na mwanangu amemtosha. Alidhani hutaki nimchukue binti yako."

Kumbe hofu ilikuwa moja, imekaa viti viwili.

Kibuyu kilinijia tena. Kukirudisha bila neno kulikuwa kugumu kwangu kuliko mfungo wa Kwaresima. Nilijihisi mtoto asiye na adabu. Ndipo nikatoa buni. Mama alitafuna, akakunja uso, akaendelea kutafuna, akasema kitu.

"Anasema zote chungu, ila yako ina haraka."

Ni kweli. Kahawa hugonga mlango kwa ngumi, moyo ukakimbia, halafu huondoka bila kuaga na kukuachia uchovu. Mate huingia polepole, huketi. Alasiri ile akili yangu ilikuwa nyepesi na vidole havikutetemeka. Daktari, aliyekuwa ameniambia nipunguze kahawa, alinionya baadaye kwamba hata mate huamsha, ninywe kwa kiasi. Namwamini, maana usingizi ulichelewa.

Tulipokwisha kula, mama alimwaga majani yaliyopoteza ladha, akaweka mapya. Kisha akainuka, akaiweka ile chupa mikononi mwa binti yangu, akarudi kuketi. Mchumba alinisogelea.

"Mama hajawahi kumwachia mtu amimine," akaniambia taratibu.

Mikono iliyozoea sindano ilikishika kibuyu. Binti yangu alianza kumimina katikati. Mama akamshika kifundo, akausogeza mkono wake ukingoni, akaachia. Binti yangu akanywa wa kwanza, kama inavyompasa anayemimina, machozi yakimtoka kwa uchungu, hadi mrija ukakoroma. Akajaza tena, akanigeukia.

"Nimpe nani, Tata?"

"Mpe mama yako."

Akapiga goti, kama tufanyavyo kwetu, akampa. Mama yule alikipokea kibuyu, akasogea kwenye kochi, na kwa mkono uliobaki akapigapiga nafasi kando yake.